Thumuni ya Santuri Zangu

Ghala la Santuri, Dubai Airport Freezone
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Kwa Bi Mahfudha, Mirdif

Assalaam aleikum,

Kwanza pole sana kwa kufiwa na mumeo, Mzee Sultan. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mimi ni Shifaa Badawi, mkaguzi wa santuri katika kampuni ambayo mwanao Azzam ameiletea mkusanyiko wa santuri za marehemu, tuukague na kuuandaa kabla haujauzwa kwa hoteli moja. Azzam alitwambia uko edani, hutoki, na jambo lolote tumwambie yeye. Lakini yeye yuko Muscat mpaka wiki ijayo, na mimi natakiwa nifunge katoni ya kwanza leo.

Katoni ina santuri arubaini. Thelathini na tisa ni safi mno, mtu angedhani zilinunuliwa mwezi uliopita. Moja nairudisha kwako kwa mkono wa dereva wetu, Wahid, kwa sababu ina kosa la kiwandani. Kwa kawaida ukiiinamisha santuri chini ya taa unaona mistari inayotenganisha wimbo na wimbo. Hii, upande wa kwanza, haina mstari hata mmoja. Nimeweka sindano mwanzo, nikaruka katikati, nikaruka mwisho: mara filimbi, mara ngoma, mara kimya kabisa. Ni nyimbo nyingi zimemwagwa pamoja bila mpango. Hoteli haitakubali kitu kibovu.

Nimebandika kikaratasi chekundu juu ya ganda lake la nje. Tafadhali tia saini kuwa umeipokea.

Wako,
Shifaa Badawi
Mkaguzi (katika kipindi cha majaribio)


Mirdif
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Mwanangu Shifaa,

Waaleikum salaam. Ahsante kwa rambirambi. Saini sitii.

Umenirudishia santuri iliyo nzima kuliko mimi na wewe. Huo si ubovu, ni wimbo mmoja. Dakika ishirini na mbili, upande mzima, kwa makusudi. Vijana watano wa Kiingereza walijifungia studio, wakaambiwa na wenye kampuni waukate, wakakataa. Halafu unakuja wewe, miaka hamsini baadaye, unarukaruka na sindano kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani!

Muziki huu wenyewe wanauita prog. Ni roki ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, ya watu waliochoka na nyimbo za dakika tatu. Walitaka wimbo uwe na vyumba, mtu aingie huku atokee kule. Kwa jina na kwa mwandiko wako nadhani wewe ni wa Mombasa. Nyumbani kwenu hamkusikiliza taarabu? Taarabu ya kwetu Unguja inafunguliwa na bashraf, vyombo peke yake, fidla na kanuni, na mwimbaji kakaa kitako anangoja zamu yake. Umeshawahi kusikia mtu akasema taarabu hiyo ina kosa la kiwandani? Basi kaa kitako na wewe. Weka sindano mwanzo, uondoe mkono.

Nakurudishia kwa Wahid huyo huyo. Ukitaka kujibu, andika, usinipigie wala usinitumie ujumbe. Azzam kwa mapenzi yake ameiunganisha simu yangu na kompyuta yake, ati nisihangaike wakati wa eda, na sasa kila kinachoingia anakisoma kabla yangu. Mpe Wahid barua, msaidizi wangu Mercyline ataipokea langoni.

Kikaratasi chekundu nimekichana.

Bi Mahfudha


Freezone
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Shikamoo Bi Mahfudha,

Nimekoma. Nimesikiliza wakati wa chakula cha mchana, upande mzima, mlango nimeufunga. Kwenye dakika ya tisa nilikuwa nimeshasahau chakula. Mwimbaji hakuja mpaka nilipokata tamaa naye, na alipokuja nikaona kweli, asingeweza kuja mapema. Sir Hashir, mkuu wangu, aliniona machozi yananilenga akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana sir, ni ukaguzi.

Nikwambie ukweli wote. Kabla ya mwezi huu nilikuwa upande wa vipuri vya simu. Santuri nimeletwa kwa sababu nina mkono mwepesi, sivunji vitu. Wakiridhika na kazi hii ya mkusanyiko wa marehemu watanithibitisha kuwa mkuu wa ukaguzi. Kwa hiyo umeniokoa.

Bibi, ulijua kama marehemu aliandika kwenye mifuko ya karatasi ya ndani? Kila santuri ina maneno ya penseli, kwa Kiswahili, na kila moja ameipa jina lake mwenyewe. Moja ameiita Gharika. Nyingine Bibi Harusi Mkaidi. Hii ya wimbo mmoja anaiita Mkeka Mrefu. Ameandika: “Upande wa kwanza usikilizwe umekaa.” Mahali pengine: “Huyu wa kinanda anajionesha. Asamehewe, ni kijana.” Nimecheka mpaka Wahid akachungulia. Mtu huyu alikuwa na sikio la ajabu, na ulimi wake pia.

Hoteli wanazinunua zote mia na sitini, lakini wanataka ishirini ziwekwe kwenye kabati la kioo katika chumba cha kusikilizia, zile zilizoujenga muziki huu. Azzam anasema anayeweza kuchagua alikuwa baba yake tu. Je, aliwahi kukutajia alizozipenda?

Shifaa


Mirdif
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Shifaa mwanangu,

Marahaba. Umenichekesha, na mtu wa eda hatakiwi kucheka mpaka akasikika nje.

Kuhusu zile ishirini usihangaike. Nimemjua Sultan miaka arubaini na minane, najua angechagua nini. Orodha kamili iko nyuma ya karatasi hii, hapa nakupa sababu za chache.

Ya kwanza ni Gharika, ya mwaka sitini na tisa. Mle ndani kuna kinanda chenye kanda za sauti, kila ukibonyeza kidole linalia kundi zima la fidla, fidla zenye kikohozi kidogo. Kabla ya hapo roki ilikuwa ya kuchezea. Hapo ndipo ilipojua kuogopesha. Ya pili Mkeka Mrefu, na sababu unaijua. Ya tatu ile ya Saba Saba, ambayo ngoma yake inahesabu saba badala ya nne. Ukijaribu kupiga makofi unabaki na mkono hewani. Watu wanadhani waliifanya kwa ujuaji. Sikiliza besi, utaona ndiyo njia pekee wimbo ule ungeweza kutembea.

Ile ya santuri mbili inayosimulia kisa kimoja tangu upande wa kwanza mpaka wa nne, iweke, ingawa upande wa tatu mwenye kisa alichoka. Na Waitaliano wasisahauliwe. Wenye maduka huwaficha nyuma ya Waingereza kwa sababu hawafahamu lugha yao, wakati wale ndio waliokuwa na moyo wa kulia waziwazi. Tatu za Kitaliano, si chini.

Zilizotoka baada ya sabini na saba usiweke hata moja. Walikuwa wameshaanza kujitazama kwenye kioo.

Ndivyo ambavyo angesema marehemu.

Bi Mahfudha


Al Mankhool
Alhamisi, 31 Oktoba 2024

Shikamoo Bibi,

Barua hii naiandikia nyumbani, si kazini, na imenichukua siku tatu kupata ujasiri.

Niliweka orodha yako juu ya meza, kando ya mfuko wa Gharika, ili ninakili majina. Bibi, mwandiko ni mmoja. Herufi “d” yako mkia wake unarudi nyuma. Yake pia. Hata namna unavyokata “t” kwa kuipandisha. Nikasema labda mume na mke waliokaa miaka mingi huanza kufanana mwandiko. Halafu nikafungua santuri ya chini kabisa, nikakuta muhuri wa bweni la wauguzi, Uingereza, Machi 1973. Wewe na marehemu mmejuana tangu mwaka sabini na sita, kwa hesabu yako mwenyewe. Na Azzam ameniambia baba yake alifanya kazi ofisi ya umeme tangu ujana, Uingereza hakukanyaga. Muuguzi, amesema, ulikuwa wewe.

Santuri hizi ni za nani?

Siulizi kwa umbeya. Tarehe ishirini Novemba warithi wote mnatia saini ya mauzo, na wewe ukiwa mmoja wao. Na jambo jingine nimeona nikwambie. Azzam ameniomba ninakili maandishi yote ya penseli niyafasiri kwa Kiingereza. Alikuja Jumatatu, akakaa sakafuni kati ya katoni, akayasoma moja moja. Aliniambia baba yake alikuwa mtu kimya sana. Akasema, “Hapa ndipo ninapomsikia.”

Kwa hiyo nimeingia katikati ya jambo ambalo si langu, na sijui nishike wapi.

Shifaa


Mirdif
Jumanne, 5 Novemba 2024

Shifaa,

Macho unayo. Wakikunyima hicho cheo watakuwa wapumbavu.

Ni zangu. Zote mia na sitini. Nilikwenda Uingereza kusomea uuguzi nikiwa na miaka kumi na minane, na wenzangu walipokuwa wakinunua viatu mimi nilinunua santuri. Nilihamia Dubai nimeolewa, na sanduku zima la mzigo huo. Siku ya tatu mama mkwe wangu, Bi Rukiya, alilifungua. Akatoa ganda lenye picha ya mtu anayepiga yowe, akauliza mbele ya wageni: “Za nani hizi?” Mimi, bibi harusi wa siku tatu! Sultan alikuwa mlangoni anavua viatu. Akasema, “Zangu, Mama.” Alikuwa hajaziona hata siku moja.

Basi zikawa zake. Kila Ijumaa baada ya Asri tuliingia wote wawili chumba cha nyuma, mlango ukafungwa, na nyumba nzima ikajua kuwa Sultan anasikiliza na mimi nimempelekea chai. Wanangu wamekulia ndani ya hadithi hiyo. Angalau mara kumi nilitaka kuisahihisha, na kila mara nikaona nitamwaibisha mtu aliyenistiri.

Ndiyo, najua maana yake sasa. Mjane anapata thumuni, sehemu moja ya nane. Nitatia saini kupokea thumuni ya kitu ambacho ni changu chote. Inaniuma, sikufichi. Lakini umeniandikia kuwa mwanangu anamsikia baba yake mle. Nimekaa na sentensi hiyo usiku na mchana. Azzam alikuwa akimfuata Sultan kila pembe ya nyumba hii akitafuta neno, na neno likawa haliji. Nitamwambiaje kuwa na hayo ni ya kwangu?

Wacha yaende. Nakili vizuri, fasiri vizuri. Pale nilipoandika “anajionesha” usilainishe.

Mahfudha


Freezone
Jumanne, 12 Novemba 2024

Shikamoo Bibi,

Nimefanya kama ulivyoniambia. Sikulainisha kitu.

Leo wameleta maneno yatakayoandikwa kwenye kibao cha shaba hotelini. Azzam ameyatunga mwenyewe. Alinisomea, na alipofika pa baba yake akaparudia mara mbili. Nilifikiria sana kama nikuletee au nisikuletee. Halafu nikajiuliza, mimi ningependa kufichwa? Haya, kwa Kiswahili:

“Mkusanyiko wa Sultan. Kwa miaka arubaini na minane, katika chumba kimoja Mirdif, alisikiliza peke yake albamu zilizoijenga prog na kuandika kila alichokisikia. Ishirini zilizomo katika kabati hili alizichagua yeye. Mkewe hakuupenda muziki huu kamwe, lakini aliustahamilia kwa subira ya wake wa zamani.”

Ndiyo hayo. Kibao kinachongwa wiki ijayo.

Kitu kimoja zaidi, ili usije ukakisikia kwa mwingine. Mauzo yakipita, nathibitishwa kazini. Yakivunjika, sijui. Nakwambia si ili unionee huruma. Mama yangu Mombasa ameshawatangazia majirani, na mimi nimeshamwambia majirani watangoja. Amua kama vile mimi simo.

Shifaa


Mirdif
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mwanangu Azzam,

Nakuandikia kwa sababu ukija utanibusu mkono, utaniuliza dawa nimemeza, na mimi nitayameza maneno pamoja na dawa. Soma mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Saini yangu tarehe ishirini hutaipata. Santuri si mirathi ya baba yako. Ni zangu, nimezinunua kwa posho yangu ya uuguzi kabla sijamjua, na nyingine kwa mshahara wangu baada ya kumjua. Maandishi ya penseli ni yangu. Orodha ya ishirini ni yangu, nimeitunga mwezi uliopita kwenye meza ya jikoni Mercyline akichambua mchele mbele yangu. Linganisha mwandiko na barua hii. Santuri ya chini kabisa ina muhuri wa bweni langu.

Baba yako alisema ni zake siku ya tatu ya ndoa yetu, mbele ya bibi yako, ili mimi nisiaibike. Ulikuwa uongo wa mtu muungwana, na mimi niliukalia miaka arubaini na minane kwa sababu ulikuwa na kivuli kizuri. Nilikuwa tayari kuukalia mpaka kaburini. Nimekwisha kusema wacha ziende, ili wewe ubaki na sauti yake.

Kisha nikasoma kibao chako. “Mkewe hakuupenda muziki huu kamwe.” Azzam! Ninaweza kukupa santuri. Ningeweza kukupa hata maneno yangu uyaite ya baba yako. Lakini unichonge kwenye shaba, watu wapite na bilauri zao mikononi, wasome kuwa mimi nilikuwa nikistahamili? Mimi? Mle chumbani mimi ndiye niliyekuwa nikiishi.

Huna kosa. Umeamini tulichokwambia. Kosa ni letu wawili, na mmoja ameshatangulia, kwa hiyo nalibeba mimi.

Binti wa ghala, Shifaa, alifanya kazi yake kwa amana. Asiguswe.

Mama yako,
Mahfudha


Freezone
Jumanne, 19 Novemba 2024

Shikamoo Bibi,

Azzam alikuja jana asubuhi. Hakusalimia, na wewe unajua yeye si mtu wa kuacha salamu. Aliweka barua yako mezani, akaomba mifuko yote ya karatasi. Alilinganisha kama saa moja na nusu, ilhali hata mimi ilinichukua dakika mbili. Alikuwa anatafuta mmoja tu ambao haufanani.

Hakuupata. Akaniuliza, “Wewe ulijua?” Nikasema, “Nilijua.” Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa ndani ya gari lake pale nje. Wahid alimpelekea maji, akarudi nayo.

Sir Hashir ameniita. Mauzo yamesimama, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Nimelia kidogo chooni, khalas, nimemaliza. Baadaye nikarudi kwake nikamwambia: sir, nimegundua mwenye mali halisi kabla kampuni haijauza mali ya mtu mwingine, na wewe unaniongezea majaribio? Amesema atafikiria. Mimi najua atafikiria vizuri.

Azzam amekuja kwako?

Shifaa


Dubai
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Ningekupigia, lakini ningekata simu katikati. Na nimeona kwamba wewe mambo mazito unayaandika.

Hoteli nimewaambia hapana. Nimezungumza na dada zangu, Lujain na Mawadda, wote wamekubali bila neno, Lujain amecheka hata. Anasema alikuwa akikusikia ukihesabu saba chini kwa chini ukiwa jikoni, akadhani ni uradi. Katoni zitarudi kwako zote. Kibao kimefutwa. Haki yako sikatai, na kwa lile neno la subira nakuomba radhi. Nililiandika nikidhani nakusifu.

Lakini nimekasirika, Mama. Nimekasirika kiasi kwamba nimepita Mirdif mara mbili wiki hii na sikusimamisha gari.

Ijumaa baada ya Asri mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa unafungwa, na Bibi Rukiya anatwambia, msigonge, baba yenu anasikiliza. Mimi nilikaa barazani nikiwaza kuwa mle ndani kuna baba mwingine. Baba mwenye maneno. Nilikuwa na hakika siku moja atatoka, aniambie mambo. Amekufa hajatoka. Nilipofungua katoni nikakuta ile penseli, nilisema, huyu hapa, alikuwa ananiandikia. Nikayasoma yote pale sakafuni, nikacheka na baba yangu kwa mara ya kwanza katika miaka arubaini na mitano.

Sasa unaniambia nilicheka na wewe. Mama, wewe nilikuwa nawe tayari. Wewe hujawahi kuninyima neno hata siku moja. Nilimtaka yeye.

Basi nijibu jambo moja, na usinifiche. Kama muziki haukumhusu, kama maandishi si yake, alikuwa anafanya nini mle ndani kila Ijumaa?

Mwanao,
Azzam


Mirdif
Jumanne, 26 Novemba 2024

Azzam mwanangu,

Marahaba. Eda yangu imekwisha jana. Nimekoga, nimebadili nguo, nimetembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, na njia nzima nilikuwa nikikujibu wewe.

Nilikuandikia kurasa mbili za haki yangu, na sikuona kuwa nakuachia chumba kitupu. Kwa hilo nisamehe. Kwa santuri siombi msamaha.

Baba yako alikuwa anapiga pasi.

Ulizaliwa nikiwa kazini, na nilirudi kazini wewe una miezi mitatu. Ikifika Ijumaa nilikuwa nimesimama wodini wiki nzima, miguu imevimba mpaka viatu havitoki. Bibi yako Rukiya alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini angemwona mwanawe ameshika pasi na mkewe amekaa kitako, angeita ukoo mzima. Kwa hiyo mlango ulifungwa. Nguo niliziingiza kwenye kapu, juu nimeweka sinia ya chai. Mimi nilinyoosha miguu juu ya kochi, nikashika penseli. Yeye alitandika shuka mezani, akavua saa yake, akaanza na sare zako za skuli. Siku zote alianza na zako. Mashati matano, suruali tano, kisha magauni ya dada zako, kisha sare zangu nyeupe, na kanzu zake mwishoni kabisa, kama muda upo.

Muziki ulikuwa haumwingii, sikudanganyi. Ile ya kuhesabu saba aliichukia, alisema inamharibia kola. Lakini Mkeka Mrefu alikubali uchezwe kila wiki, kwa sababu dakika ishirini na mbili zilimtosha kumaliza za kwako zote bila mimi kuinuka kugeuza santuri.

Bibi yako alinisifu mimi. Akija mgeni alikusimamisha wewe katikati ya ukumbi, akawaonesha mstari wa suruali yako, akasema, “Mke wa mwanangu anajua pasi.” Yeye alichukua santuri zangu akaziita zake, na mimi nikachukua pasi yake nikaiita yangu. Alipofariki Bi Rukiya hatukuwa na wa kumficha tena, na bado tuliufunga mlango. Tulikuwa tumeupenda.

Maneno yake siwezi kukuzulia, Azzam, hakuwa nayo. Hata mimi niliyataka na sikuyapata. Lakini miaka kumi na miwili ya skuli hukutoka nyumbani hata asubuhi moja bila kuvaa kazi ya mikono yake, na yeye alisimama dirishani kila asubuhi kutazama kama kola imekaa. Nilidhani unajua. Sasa naona hakuna aliyekwambia, na aliyepaswa kukwambia ni mimi.

Njoo Ijumaa baada ya Asri. Gonga, nitakufungulia. Santuri nachagua mimi. Njoo na kanzu zako kama zilivyotoka kwenye kamba, usimpe mtu. Mercyline atakuwa mapumzikoni, na mimi, nakwambia leo kwa mara ya kwanza tangu nikuzae, pasi sijui kuipiga. Utapiga mwenyewe.

Mama yako,
Mahfudha